Dola 10 kwa Dakika 20: Hesabu ya Kupima Tovuti Ukiwa Nyumbani

Kati ya ahadi nyingi za kipato cha mtandaoni zinazozunguka kwenye simu zetu, ipo moja iliyo ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli inastahili kukaguliwa kwa makini kuliko zile za uongo. Ahadi yenyewe ni hii: kaa nyumbani kwako, fungua tovuti ya kampuni fulani, itumie kama mteja wa kawaida huku ukisema kwa sauti unachokiona, unachokitafuta na kinachokukwaza. Skrini yako na sauti yako vinarekodiwa. Dakika 20 zikiisha, umepata dola 10. Hakuna anayekudai shahada, hakuna anayekuuliza kama unajua kuandika programu, na kwa kuwa mara nyingi kamera haiwashwi, hakuna anayejua kama umevaa viatu.

Hayo yote ni sahihi. Kazi ipo, kampuni zinazoitoa zina majina na anuani, na watu wanalipwa. Anayeisifia kazi hiyo kwenye video ya dakika tatu huishia hapo na kukuomba ubonyeze kitufe cha kumfuata, maana kipato chake yeye kinatokana na watazamaji. Sisi tuanzie alipoishia: nani anatoa hizo dola 10, anazitoa kwa ajili ya nini hasa, na kwa nini zinamfikia kirahisi mkazi wa Ohio na kumfikia kwa mbinde mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam au Kisauni mjini Mombasa.

Tuanze na mlipaji. Aliyetengeneza tovuti ndiye mtu wa mwisho kuziona kasoro zake. Anajua kila kitufe kilipo kwa sababu amekiweka mwenyewe, na maneno yaliyoandikwa juu ya kitufe hicho anayaelewa kwa sababu aliyabishania kwenye vikao vitatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Katika fani hii mgeni analipwa. Mfano unaosimuliwa sana ni ule alioutoa mtaalamu wa Marekani, Jared Spool, mwaka 2009. Duka moja kubwa la mtandaoni, ambalo hakulitaja jina, lilimtaka kila mnunuzi ajisajili kabla ya kulipa. Wenye duka waliamini wanamrahisishia mteja: akijisajili leo, safari ijayo hatajaza tena taarifa zake. Watu walipoketishwa mbele ya kompyuta na kuombwa wanunue, yakaonekana mengine. Wapya walikasirishwa na kulazimishwa kufungua akaunti, na wa zamani hawakukumbuka nywila, wengine hawakukumbuka hata barua pepe waliyojisajili nayo. Kitufe cha kujisajili kikaondolewa, kikawekwa cha kuendelea, pamoja na maelezo mafupi kwamba kufungua akaunti si lazima. Kwa masimulizi ya Spool, waliokamilisha ununuzi waliongezeka kwa asilimia 45, na katika mwaka wa kwanza duka likaingiza dola milioni 300 zaidi. Wale waliokasirika mbele ya kompyuta ndio walioonyesha fedha hizo zilipokuwa zimejificha. Hisa hawakupewa.

Mbinu ya kumtaka mtu awaze kwa sauti ilitangulia biashara hii kwa miaka mingi. Mwaka 1980 Anders Ericsson na Herbert Simon waliandika kitaalamu kuhusu kutumia maneno ya mtu anayefanya jambo kama ushahidi wa mawazo yake, na mwaka 1982 Clayton Lewis wa IBM akaipeleka mbinu hiyo kwenye upimaji wa kompyuta. Wenzake ndani ya kampuni hiyohiyo, wakiongozwa na John Gould, walitengeneza mfumo wa kuachiana ujumbe wa sauti kwa ajili ya wanariadha wa Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984. Kabla ya kuupeleka kwenye michezo waliweka kielelezo chake kwenye korido ya ofisi, wapita njia wakawa wanauchezea na kuukosoa. Kisha Machi 2000 Jakob Nielsen, Mdenmark aliyehamia Marekani, akaandika makala fupi iliyobadilisha bajeti za kampuni nyingi. Alisema huhitaji umati. Watu 5 wanatosha kufichua takribani asilimia 85 ya matatizo ya kimatumizi katika tovuti. Mtu wa kwanza anakuonyesha karibu theluthi moja, wa pili anarudia baadhi na kuongeza yake, na ukifika wa sita umeanza kulipia malalamiko uliyokwisha kuyasikia.

Hesabu hiyo ya watu 5 ndiyo iliyofungua mlango. Zamani mtu alipelekwa kwenye chumba chenye kioo ambacho watafiti walimtazama kupitia upande wa pili, akalipiwa nauli na kupewa bahasha. Mwaka 2007 huko California ikaanzishwa kampuni ya UserTesting, ambayo wazo lake lilikuwa kukifuta kile chumba: mpimaji abaki kwake, programu ndogo irekodi skrini na sauti yake, na mteja apate video baada ya muda mfupi. Zikafuata nyingine za aina hiyo, kama Userlytics na TryMyUI ambayo sasa inaitwa Trymata. Kwa kipindi kirefu mteja mdogo wa UserTesting alilipa dola 39 kwa video moja, baadaye dola 49, na mpimaji akapokea dola 10. Kampuni ikakua, ikaingia kwenye soko la hisa la New York Novemba 2021, na Oktoba 2022 yakatangazwa makubaliano ya kuinunua kwa dola bilioni 1.3. Malipo ya jaribio la kawaida yakabaki dola 10. Kwa mfumuko wa bei wa Marekani, dola 10 za mwaka 2024 zinanunua kile ambacho mwaka 2009 kingenunuliwa kwa dola zisizofika 7. Ukipenda unaweza kuuita huo uthabiti wa bei.

Sasa hesabu ya mpimaji. Dola 10 kwa dakika 20 ni sawa na dola 30 kwa saa, na hii ndiyo namba inayowekwa kwenye video, kwa herufi kubwa za njano. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya shirikisho la Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, kwa hiyo dola 30 inavutia hata huko. Kinachoachwa nje ni kwamba kabla ya kila jaribio kuna maswali ya mchujo, na muda wa kujibu mchujo haulipwi. Umri wako ni upi? Je, katika miezi 6 iliyopita umenunua bima ya gari mtandaoni? Je, wewe ndiye unayeamua programu zipi zinunuliwe katika kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 500? Jibu moja lisilofaa, ukurasa unafungwa kwa shukrani. Tuseme mtu anajibu michujo 20, kila mmoja unakula dakika 2, ndipo anapata jaribio 1. Ametumia dakika 40 bila malipo na 20 zenye malipo. Ile dola 30 kwa saa imekuwa 10, na bado hatujahesabu muda wa kukaa akiutazama ukurasa, maana nafasi hujazwa haraka na aliyekwenda kukoroga uji hukuta zimekwisha.

Yapo majaribio mafupi ya dola 4, na yapo mahojiano ya ana kwa ana mtandaoni yanayolipa dola 30, 60 au zaidi. Haya ya mwisho ndiyo yenye nyama, lakini huenda kwa watu wenye kazi au tabia mahususi: daktari wa moyo, mwenye mgahawa, mtu aliyehama benki mwezi uliopita. Zaidi ya hapo, mteja humpa mpimaji nyota kulingana na alivyoridhika, na mwenye nyota chache huona kazi chache. Malipo nayo hayaingii siku hiyo; husubiri wiki moja au mbili. Anayefanya kwa bidii na kuishi katika nchi inayotakiwa anaweza kupata fedha ya kulipia intaneti na kubakiwa na ya mboga. Kodi ya nyumba hailipi kwa hizo, na kampuni zenyewe huwa wazi kwamba hiki ni kipato cha ziada. Wanaoiita ajira ni wale wenye video.

Kwa nini mchujo ni mkali hivyo? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mpimaji anadhani anauza kazi yake: umakini, Kiingereza chake, saa zake za usiku. Mnunuzi ananunua kitu kingine kabisa, nacho ni kufanana kwa mpimaji na mteja wake. Benki ya Texas inayotaka kujua kama wazee wanaweza kufungua akaunti kwenye tovuti yake inamtaka mzee wa Texas, na ikiwezekana asiwe hodari sana wa kompyuta. Muuguzi mstaafu anayehangaika kuitafuta menyu kwa dakika 4 huku akiguna ana thamani kubwa kwao kuliko mhitimu wa sayansi ya kompyuta wa Dar es Salaam ambaye angeiona kwa sekunde 4 na kuwaandikia ripoti. Mhitimu huyo ana ujuzi zaidi. Ila hatafungua akaunti katika benki hiyo, kwa hiyo kukwama kwake au kutokukwama hakuwahusu. Hii ni moja ya shughuli chache ambazo uzoefu hukupunguzia soko: mtu aliyepima mamia ya tovuti anajua menyu hufichwa wapi, anasema maneno ambayo watafiti hupenda kuyasikia, na baadhi ya wateja huweka swali la mchujo mahususi la kumwondoa.

Kwamba kinachouzwa ni kufanana kulidhihirika waziwazi mwaka 2021 kwenye jukwaa jirani la Prolific, la Uingereza, ambalo hulipa watu kwa kujibu tafiti za kisayansi. Julai mwaka huo binti mmoja wa Florida aliweka video TikTok akiwaeleza wenzake kwamba hapo pana vijihela vya pembeni. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 4. Makumi ya maelfu ya mabinti wakajiandikisha, na katika wiki chache watafiti waliokuwa wakitafuta sura ya wananchi wa kila aina wakakuta majibu yao yametawaliwa na wanawake wa miaka ya ishirini. Kazi yao ilikuwa safi, na walijibu kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba walifanana wao kwa wao, na mnunuzi alitaka mchanganyiko. Jukwaa likalazimika kuweka njia za kusawazisha washiriki. Video moja ikitazamwa sana, fursa iliyosifiwa ndani yake huanza kupungua tangu siku hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki sasa anaweza kuona milango anayopaswa kupita. Wa kwanza ni huo wa kufanana. Majukwaa mengine yamefungwa moja kwa moja kwa nchi zetu; Prolific, kwa mfano, kwa miaka mingi ilipokea washiriki hasa kutoka nchi za OECD, kundi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri. Mengine yanakusajili vizuri, yanakukaribisha kwa barua pepe yenye furaha, kisha yanakaa kimya, maana wateja wao wanatafuta watu wa Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Usajili umekubaliwa, kazi ndiyo haipo. Watu wengi hukaa kwenye hali hiyo kwa miezi wakidhani kuna kitu wamekosea kujaza.

Wa pili ni vifaa. Inatakiwa kompyuta, maikrofoni inayosikika, intaneti isiyokatika na umeme unaojiheshimu kwa angalau nusu saa. Video ya skrini inayopandishwa ni nzito, na bando linalotumika ni la mpimaji. Inatakiwa pia utulivu, maana kelele humfanya mteja aikatae rekodi. Masharti hayo hayajasomwa na jogoo, wala na jirani mwenye spika ya singeli.

Wa tatu ni malipo. Majukwaa mengi hulipa kwa PayPal. Mkenya alifunguliwa njia: tangu 2018 anaweza kuhamisha fedha kutoka PayPal kwenda M-Pesa, na kabla ya hapo palikuwa na njia ya benki. Mtanzania kwa miaka mingi akaunti yake ya PayPal iliyofunguliwa nchini imekuwa ya kununua na kutuma, ikigoma kupokea. Nchi iliyoanza kutumia M-Pesa mwaka 2008, ambako muuza mihogo hupokea malipo kwa simu, ikawa haiwezi kumfikishia kijana dola 10 alizozitolea jasho. Zipo njia mbadala kama Payoneer kwa jukwaa linaloikubali, lakini kila njia ina makato yake, na makato huuma zaidi kwenye kiasi kidogo.

Panapokuwa na milango mitatu, haikosi kutokea mtu anayeuza funguo. Wapo wanaowashauri vijana watumie VPN ili waonekane wako New Jersey, na wapo wanaouza au kukodisha akaunti zilizofunguliwa kwa majina ya watu wa Marekani. Tuache maadili pembeni kidogo, tuangalie biashara yenyewe. Jukwaa linalofuatilia mahali ulipo hufunga akaunti ya namna hiyo, na mara nyingi hufunga wakati wa kutoa fedha, wakati ambao mhusika ana kitu cha kupoteza. Akaunti ikiwa ya mtu mwingine, huna pa kulalamika, maana kwa karatasi wewe hukuwahi kufanya kazi hapo. Na Tanzania VPN yenyewe si jambo la kujitumia tu: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaoitumia wajitambulishe kwa kusajili taarifa zake. Kuna kujificha ambako huanza kwa kujaza fomu ya serikali.

Kisha kuna wizi mtupu, ambao umejifunza kuvaa mavazi ya kazi hii. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliripoti mwishoni mwa 2024 kwamba malalamiko kuhusu kazi bandia za mtandaoni za kubofya, kupenda na kutathmini bidhaa yalikuwa hayapo kabisa mwaka 2020, yakafika 5,000 mwaka 2023, na karibu 20,000 katika nusu ya kwanza tu ya 2024. Mtindo ni uleule: unapewa kazi ndogo, salio linapanda kwenye skrini, mara ya kwanza unalipwa kidogo ili uamini, halafu unaambiwa uweke fedha yako ndipo ufunguliwe ngazi inayolipa zaidi. Kwetu hatukusubiri kufundishwa na Wamarekani. Mapema 2021 Wakenya walilizwa na programu iliyojipachika jina la Amazon, na mapema 2025 Watanzania walilizwa na mpango uliojiita LBL, ambao wanachama walitoa kiingilio ili walipwe kwa kutazama matangazo kwenye simu. Polisi wakakamata watu katika mikoa kadhaa. Fedha za waliotazama zilikuwa zimeshatangulia.

Kipimo cha kutenganisha kazi na wizi ni chepesi. Kazi halisi ya kupima tovuti haina kiingilio, haina ngazi za kununua, haikulipi kwa kuleta watu chini yako, na haina msimamizi anayekufuata WhatsApp asubuhi kukusalimia kwa jina. Inakuchosha kwa maswali na kukukataa mara nyingi. Anayekutaka sana, bila mchujo, bila kuuliza wewe ni nani, hatafuti mpimaji.

Baada ya kusema hayo yote, sehemu moja ya shughuli hii inamfaa kijana wa Nairobi, Arusha au Bujumbura kuliko nyingine, nayo haizungumzwi sana kwa sababu inadai kujifunza. Ni kutafuta hitilafu. Jukwaa la uTest, lililoanzishwa 2007 nalo, na lile la Testbirds la Ujerumani, huwatafuta watu wa kutumia programu kwenye vifaa vyao wenyewe na kuandika ripoti: nilibonyeza nini, nilitarajia nini, kilitokea nini, kwenye simu gani, toleo gani. Hapa angalau asili yako inaweza kuwa mtaji. Kampuni inayotaka programu yake ya malipo ifanye kazi Kenya inahitaji mtu mwenye laini ya Kenya, na inayotaka ifanye kazi kwenye simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo inahitaji mwenye simu hizo, ambazo kwetu hazihitaji kutafutwa. Kazi haziji kila wiki na malipo hutofautiana, lakini mtu anabaki na ujuzi wa kuandika ripoti inayoeleweka. Huo ni mwanzo wa fani kamili ya upimaji wa programu, yenye vyeti vinavyotambulika kama vya ISTQB, bodi iliyoanzishwa 2002, na yenye mishahara katika benki na kampuni za simu za hapahapa.

Wakati huohuo ardhi inasogea. Kampuni zimeanza kuuza wapimaji wa kubuni, yaani akili unde inayoigiza kuwa mama wa watoto wawili mwenye haraka na kusema kinachomkwaza. Kwa upande wa pili, baadhi ya wapimaji hai nao huachia akili unde iwaandikie majibu, hivyo inawezekana leo mashine ikaiuliza mashine kama kitufe kinaonekana, na binadamu akalipia pande zote. Anayejiunga sasa ajue kwamba utegemezi wa mtu kwa jukwaa la mbali hauna mkataba. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililokuwa likiwapa vijana wa Kenya kazi za kuweka alama kwenye picha na maandishi, lilifunga shughuli zake nchini humo kwa taarifa ya barua pepe.

Hata hivyo, kuishia kwenye maonyo kungekuwa kuliacha swali kubwa zaidi bila kulijibu. Ikiwa kinacholipiwa ni kufanana na mteja, basi zipo tovuti ambazo wateja wake ni sisi, na macho yanayohitajika kuzipima hayapatikani Ohio. Ziko wapi dola 10 za hizo?

Angalia mtaani. Tanzania, kila penye ofisi ya umma au chuo kuna steshenari yenye bango la kusaidia maombi ya mkopo, usajili wa jina la biashara, namba ya mlipakodi, ajira. Kenya kazi hiyo hufanywa na saiba, yaani vibanda vya intaneti. Mwanafunzi mwenye simu janja mkononi, anayejirekodi, kuhariri video na kuirusha bila msaada wa mtu, anakwenda pale kulipa elfu kadhaa ili mwingine amjazie fomu ambayo kwa maelezo rasmi imewekwa mtandaoni ili kumpunguzia gharama na usumbufu. Sehemu ya sababu ni kukosa kompyuta na printa. Sehemu nyingine ni kwamba fomu haieleweki: inakataa picha bila kusema inataka ukubwa gani, inamrudisha mtu mwanzo akikosea tarehe, inamuuliza kwa Kiingereza cha kisheria jambo ambalo angelijibu kwa Kiswahili kwa neno moja. Kijana wa steshenari amekwishajua kila mtego ulipo. Yeye ndiye mpimaji bora wa mifumo yetu ya umma, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Marekani yenyewe ililipa ada ya somo hili. Tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013 baada ya matumizi ya mamia ya mamilioni ya dola. Kumbukumbu zilizotolewa baadaye bungeni zilionyesha kwamba siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha nchi nzima walikuwa watu 6. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwalazimisha watu wafungue akaunti kabla hawajaruhusiwa hata kutazama bei, lile kosa ambalo Spool alikuwa amelisimulia miaka minne nyuma, na kutokuupima mfumo mzima kwa ukamilifu kabla ya siku ya uzinduzi. Na hiyo ni nchi yenye wapimaji tele, kila mmoja akipatikana kwa dola 10.

Kwa hiyo wito wa makala haya una pande mbili. Kwa anayetafuta kipato cha ziada: jiunge ukitaka, usitoe hata senti moja ya kiingilio, usikodi jina la mtu, angalia njia ya kupokea fedha kabla ya kuanza kazi, na usiache kibarua cha uhakika kwa ajili ya kungoja mchujo. Ukiona moyo wako uko kwenye kutafuta hitilafu, jifunze kuandika ripoti. Huko ndiko kuna kazi.

Kwa taasisi, benki na kampuni zinazotengeneza mifumo ya kutumiwa na wananchi: watu 5 wanatosha. Mchukueni mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita, mama wa sokoni, mzee mstaafu, mtu asiyeona vizuri, na kijana wa steshenari. Mpeni kila mmoja simu, mkae kimya, mtazame anapokwama, kisha mumlipe shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 100,000, kiasi kisichotosha kulipia chakula cha mchana kwenye hafla ya uzinduzi wa mfumo wenyewe. Fanyeni hivyo wiki chache kabla ya uzinduzi, wakati bado kuna muda wa kurekebisha.